Mjumbe na Waliomtuma: Wasifu wa Mtunga Sheria wa Kijijini katika Maandishi kuhusu Palma na Ng'ambo ya Ruvuma

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maandishi ya kitaaluma yalivyomsawiri mwakilishi wa watu wa kijijini katika ukanda wa Palma, kaskazini mwa Mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, hususan mjumbe wa Mabaraza ya Watu yaliyochaguliwa mwaka 1977. Inadaiwa kwamba maandishi hayo humtumia mjumbe kama ushahidi wa jambo jingine, ama ushindi wa mapinduzi ama kushindwa kwake, na kwa sababu hiyo hayamsikilizi anaposema. Makala yanapendekeza mkutano wa uchaguzi wa 1977 usomwe kama tendo la usimulizi, yaani wasifu unaotamkwa hadharani mbele ya watu wanaomjua msimulizi. Usomaji huo unalinganishwa na uchaguzi wa wabunge wa Tanzania wa mwaka 1965, kisha unatumiwa kuonyesha kilichopotea pale mjumbe wa Palma alipoacha kuwa wa Palma.

1.0 Utangulizi

Neno mjumbe lina deni ndani yake. Mtu haitwi mjumbe mpaka awepo aliyemtuma, awepo anayepelekewa habari, na uwepo ujumbe wenyewe. Na kwa desturi ya pwani kazi yake haijaisha mpaka arudi na jibu. Methali isemayo kwamba mjumbe hauawi inamkinga akiwa ugenini, lakini haisemi lolote juu ya yule arudiye mikono mitupu, wala juu ya yule asiyerudi kabisa. Mbunge ni neno la namna nyingine. Linamtaja mtu kwa mahali anapokaa, si kwa watu waliomtuma. Nalo deputado, neno la Kireno ambalo wakazi wa Palma walianza kulisikia kwa maana mpya mwaka 1977, lilifika likiwa tayari limevaa sare ya dola.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Zinagusa swali ambalo wahakiki wa maandishi ya kisiasa ya Afrika Mashariki wamelipita haraka mno: mtunga sheria aliyetoka kijijini, mvuvi au mkulima ambaye kwa siku chache za mwaka alikaa barazani na kwa siku zilizobaki alikuwa shambani au chomboni, ameandikwaje? Majibu yaliyopo yametoka zaidi kwa wanahistoria na wanaanthropolojia, na mengi yameandikwa kwa Kiingereza na Kireno. Uhakiki wa Kiswahili umejishughulisha sana na kiongozi mla rushwa wa riwaya na tamthilia za miaka ya 1970 na 1980, kiasi kwamba mwakilishi wa kweli wa kijijini, aliyeishi jirani na wasomaji wenyewe, amebaki nje ya uwanja. Hilo linashangaza, kwa kuwa yeye alifanya kazi kwa mdomo, na mdomo ndio malighafi ya fasihi simulizi.

2.0 Tungi kabla ya mjumbe

Maandishi mengi kuhusu uwakilishi wa watu Msumbiji huanza mwaka 1975, kana kwamba kabla ya uhuru pwani ya kaskazini haikujua kuketi na kuamua. Ghuba ya Tungi, kusini mwa Rasi Delgado, ilikuwa na usultani wake, na Eugeniusz Rzewuski katika makala yake ya mwaka 1991 aliutafuta mwanzo wa usultani huo katika mapokeo ya wenyeji wenyewe. Thamani ya njia hiyo ni kwamba mapokeo ya chimbuko yana kazi kubwa kuliko kueleza nani alifika lini. Yanapanga nani ana haki ya kusema barazani, nani asikilizwe kwanza, na nani akae kimya. Kwa maana hiyo yanafanya kazi ya katiba, ila tu yanasimuliwa badala ya kuandikwa.

Historia ya kisiasa ya ghuba hiyo katika miongo mitatu inatosha kumchosha mtunga sheria yeyote. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 uliiacha pwani kuanzia Tungi kwenda kaskazini mikononi mwa Sultani wa Zanzibar. Februari 1887 Wareno waliipiga Tungi kwa mizinga na kuitwaa. Mwaka 1894 Wajerumani walijichukulia Kionga, pembe ndogo ya ardhi kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Mwaka 1916 Wareno waliirudisha, na amani ya 1919 ikalithibitisha hilo. Wakati huohuo eneo lote liliwekwa chini ya Kampuni ya Nyasa, ambayo ilitawala hadi 1929 kwa kodi ya kibanda na kazi za shuruti, na kuwafanya wengi wavuke mto kwenda upande wa pili. Mtu aliyezaliwa Kionga katika miaka ya 1880 aliweza kuzeeka chini ya bendera kadhaa bila kuhama nyumba.

Katika mazingira hayo watawala na wazee wa pwani waliandika barua kwa Kiswahili na lugha za jirani, kwa hati za Kiarabu, kwenda kwa maofisa wa Kireno. Barua za namna hii zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria mjini Maputo, na kazi za Liazzat Bonate na Chapane Mutiua zimezirudisha katika mjadala wa kitaaluma. Kinachomvutia mhakiki ni umbo lake. Barua ya adabu ya pwani huanza kwa kumtaja anayeandikiwa kwa heshima zake zote, hufuata salamu, kisha ndipo jambo huingia, na mara nyingi jambo lenyewe ni fupi kuliko utangulizi. Msomaji wa leo huona urefu huo kuwa mapambo. Ukweli ni kwamba salamu ndiyo siasa yenyewe: inapima umbali kati ya wawili, inakumbusha ahadi, na inamfanya mpokeaji ajue kwamba anayeandika ana watu nyuma yake. Katika barua hizo tayari pana mtu asemaye kwa niaba.

Haifai, hata hivyo, kumgeuza sultani wa Tungi kuwa mzee wa demokrasia. Pwani hiyo iliishi kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 kwa biashara iliyojumuisha watumwa, na watumwa hawakuandikiwa barua wala hawakuketi barazani. Aliyefuata baada ya sultani, yaani régulo wa Wareno, alikuwa mjumbe wa njia moja: alileta amri na kupeleka kodi. Alipokuja mjumbe wa 1977, alirithi kumbukumbu za aina zote mbili, yule aliyejua kuandika salamu na yule aliyejua kuhesabu vibanda.

3.0 Maisha yanayosomwa hadharani

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975 ikiwa na katiba iliyoweka Baraza la Watu kuwa chombo kikuu cha kutunga sheria. Baada ya Kongamano la Tatu la Frelimo mnamo Februari 1977, uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ulifanyika kati ya Septemba na Desemba mwaka huo. Ulikuwa uchaguzi wa ngazi. Wananchi walichagua moja kwa moja wajumbe wa baraza la eneo lao la chini, na kutoka hapo ngazi za wilaya, mkoa na taifa zilijazwa kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Chama ndicho kilichopendekeza majina. Lakini majina hayo yalisomwa mbele ya mkutano, mtahiniwa akasimama, na watu wakaulizwa wanajua nini juu yake. Baada ya hapo mikono iliinuliwa.

Allen na Barbara Isaacman, katika kitabu chao cha mwaka 1983 kuhusu Msumbiji kutoka ukoloni hadi mapinduzi, waliiona mikutano hiyo kuwa dalili ya nguvu ya umma. Walioshirikiana na polisi wa siri wa Kireno walikataliwa, machifu wa kikoloni walikataliwa, na pia walikataliwa watu kwa ulevi, kwa kupiga wake zao, na kwa kuoa wake wengi. Bertil Egerö, aliyeandika miaka minne baadaye, alikuwa na mashaka zaidi. Hata jina la kitabu chake linatangaza ndoto iliyofumuka. Kwa Egerö mabaraza hayakupata uwezo wa kukisimamia chama kilichoyazaa, na kadiri uchumi ulivyodidimia ndivyo yalivyobaki majina.

Tofauti ya vitabu hivi viwili ni kubwa kwa hukumu, lakini ni ndogo kwa namna ya kusoma. Vyote vinalitazama tukio kutoka kwenye matokeo: nani alipita, nani alianguka, na baada ya kupita alifanya nini. Kilichosemwa kati ya kusimama kwa mtahiniwa na kuinuka kwa mikono kinapita kama usaha wa kikao. Na hapo ndipo penye utajiri wote kwa mhakiki wa fasihi.

Mkutano ule ulimdai mtahiniwa asimulie maisha yake. Alizaliwa wapi na kwa nani. Wakati wa vita alikuwa upande gani wa mto. Alifanya kazi gani kwa Wareno, na kama alifanya, kwa hiari au kwa kulazimishwa. Ana mke au wake. Anamtunzaje mama yake. Huu ni wasifu, lakini si wa aina ambayo wasomaji wa Kiswahili wameizoea katika vitabu. Shaaban Robert aliandika maisha yake kwa wasomaji ambao wengi wao hawakumwona kamwe, kwa hiyo aliweza kuchagua, kupanga na kunyamaza. Tippu Tip alisimulia safari zake akiwa mzee, mbali na wengi wa wale aliowatendea. Mtahiniwa wa 1977 hakuwa na nafasi hiyo. Alisimulia maisha yake mbele ya mashahidi. Palikuwa na shemeji yake, palikuwa na mdai wake, palikuwa na mwanamke aliyemwacha. Kila sentensi iliweza kusahihishwa hapohapo.

Nadharia ya fasihi simulizi inasema kwamba hadhira hushiriki katika utunzi. Mara nyingi kauli hiyo huishia kwenye vigelegele na kiitikio. Hapa hadhira ilishiriki kwa nguvu ya kisheria: iliweza kuufuta wasifu wote. Msimulizi alilazimika kubuni usemi wa kati, usiojikweza ukamletea kicheko, wala usiojinyenyekeza mno ukamfanya aonekane hafai. Wazee wa pwani waliokuwa wamezoea kusuluhisha ugomvi wa mashamba ya minazi au urithi walikuwa na ufundi huo. Lakini wengi wao walikuwa na wake zaidi ya mmoja, na walikuwa Waislamu.

Hapa ndipo usomaji wa akina Isaacman unapokosa macho. Kukataliwa kwa mtu mwenye wake wengi kunasomwa kama ushindi wa usawa dhidi ya ukale, na hakuna shaka kwamba wanawake wengi waliufurahia. Katika mabaraza ya ngazi ya chini zaidi ya robo ya wajumbe waliochaguliwa walikuwa wanawake, idadi ambayo mabunge mengi ya wakati huo, ya Ulaya yakiwamo, hayakuikaribia. Mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa imesikika katika unyago na ngoma, na si mbele ya régulo, sasa alisimama na kusimulia maisha yake mbele ya wanaume. Hiyo ni habari kubwa katika historia ya usemi wa pwani, na bado haijapewa makala yake. Ila kigezo hichohicho, katika mji wa pwani, kiliwaondoa kwa mkupuo mmoja watu ambao jamii ilikuwa imewazoea kama wasemaji wake. Hawakuondolewa kwa sababu hawakujua kusema. Waliondolewa kabla ya kusema, kwa jibu la swali moja. Wengine walibaki nyuma ya mjumbe kijana, wakimshauri usiku yale atakayoyasema mchana. Mjumbe akawa na watumaji wawili, chama kilichompendekeza na baraza lisilo rasmi lililomnong'oneza. Mhakiki anayesoma kumbukumbu za vikao na kumwona mjumbe akisema kwa sauti ya chama tu, hajauliza kimya chake kilikuwa cha nani.

Nje ya vikao maisha yake hayakubadilika sana. Ujumbe wa ngazi ya chini haukuwa ajira. Mjumbe aliendelea kulima, kutega, kushona nyavu, na juu ya hayo alidaiwa na jirani zake kila upungufu wa sukari, mafuta ya taa na nguo katika duka la ushirika. Alikuwa karibu mno na waliomtuma. Mbunge wa mjini hukimbia malalamiko kwa kufunga mlango. Mjumbe wa kijijini Palma hakuwa na mlango wa namna hiyo.

4.0 Jembe na nyumba

Ng'ambo ya Ruvuma jambo kama hilo lilikuwa limefanyika miaka 12 kabla, kwa njia tofauti. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, TANU iliruhusu wagombea wawili katika kila jimbo la uchaguzi. Waliwekwa jukwaa moja, wakazunguka pamoja, wakakatazwa kutumia kabila, rangi au dini, na wakatakiwa kuzungumza Kiswahili. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Kitabu kilichohaririwa na Lionel Cliffe mwaka 1967 kinabaki kuwa chanzo kikuu cha uchaguzi huo, na kwa mhakiki wa Kiswahili sehemu zake zenye ladha zaidi ni zile zinazohusu alama hizo. Serikali ilizichagua ili zisibebe maana. Wagombea walizibebesha maana papo hapo, kama ambavyo msemaji yeyote wa Kiswahili angefanya: jembe likawa chakula, nyumba ikawa malazi, na kila upande ukatafuta hoja ya kuonyesha kwamba wa pili hauwezi kuwepo bila wa kwanza. Wanasayansi wa siasa waliliona hilo kama kasoro ya utaratibu. Mwanafasihi ataliona kama majibizano, ndugu wa malumbano ya washairi, yaliyopenya katika sheria ya uchaguzi bila kualikwa.

Matokeo yaliwaangusha wabunge wengi waliokuwa madarakani, na mawaziri miongoni mwao, akiwamo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Kusini, katika Rufiji, alianguka Bibi Titi Mohamed. Susan Geiger alizungumza naye kwa Kiswahili na kuyaandika maisha yake kwa Kiingereza katika kitabu cha mwaka 1997 kuhusu wanawake wa TANU. Ni kitabu chenye heshima, na kimefanya zaidi ya kingine chochote kumrudisha Bibi Titi mahali pake. Lakini ni vigumu kutoona gharama yake. Mwanamke aliyeingia katika siasa akitokea kwenye vikundi vya ngoma, ambaye silaha yake ilikuwa namna ya kulipigilia neno mbele ya umati, amefika kwa wasomaji wengi bila mlio wa lugha yake. Kushindwa kwake Rufiji kunaelezwa kwa sababu za kisiasa. Swali la kama Mdar es Salaam, hata awe na asili ya huko, aliweza kusimulia maisha ya kijijini kwa namna ambayo wanakijiji wangeyatambua kuwa yao, linahitaji Kiswahili chenyewe ili lijibiwe.

Ulinganisho wa pande mbili za mto unafundisha jambo moja ambalo hakuna upande unaoweza kulionyesha peke yake. Katika Tanzania ya 1965 wagombea walishindana juu ya mbele: nani ataleta barabara, nani ataleta kisima. Katika Msumbiji ya 1977 hapakuwa na mshindani, na watahiniwa walipimwa kwa nyuma: uliishije. Mfumo wa kwanza ulizaa ahadi, na ahadi huvunjwa. Mfumo wa pili ulizaa ungamo, na ungamo humfunga mtu kwa wanaomsikiliza, ama wema ama ubaya. Isidhaniwe kuwa upande wa Tanzania uliachwa huru. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa katika TANU, na kwa kufukuzwa huko wakapoteza viti walivyopewa na wapiga kura. Mjumbe hakuuawa, lakini aliitwa nyumbani na asiyemtuma.

5.0 Mueda mbele, Palma nyuma

Maandishi kuhusu Cabo Delgado yana uwanda wake yanaoupenda. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, risasi za Chai za tarehe 25 Septemba 1964 na maeneo yaliyokombolewa vimeufanya uwanda wa Wamakonde kuwa kitovu cha simulizi ya taifa. Vitabu viwili bora kabisa vya karne hii juu ya mkoa huo, *Kupilikula* cha Harry West (2005) na kitabu cha Paolo Israel kuhusu mapiko (2014), vyote vimekita huko. West anaonyesha kwamba watu wa Mueda waliizungumzia mamlaka kwa lugha ya uwavi, neno ambalo msemaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa sana, na kwamba chama kilipoipiga marufuku lugha hiyo kilijinyima njia ya kueleweka. Israel anafuatilia namna ngoma ya vinyago ilivyobeba nyakati za siasa zilipopita, kutoka vita hadi baada ya ujamaa.

Kazi hizi zimefungua njia, na ubaya haumo ndani yake bali katika namna zinavyotumiwa. Wasomaji huzichukua kama maelezo ya Cabo Delgado yote. Palma si Mueda. Lugha yake ya nyumbani, Kimakwe, ambayo Maud Devos ameiandikia sarufi (2008), imeishi bega kwa bega na Kiswahili, na wengi wa wasemaji wake hukijua Kiswahili pia. Wengine husema Kimwani, wengine Kimakonde. Historia yake ya dini, bahari na biashara inautazama Kilwa na Zanzibar. Wakati wa vita wakazi wake wengi walibaki chini ya bendera ya Kireno, jambo ambalo mwaka 1977 liliufanya wasifu wa mtahiniwa wa pwani kuwa mgumu kuliko wa mwenzake wa Mueda. Mmakonde wa maeneo yaliyokombolewa alisimulia vita alivyopigana. Mvuvi wa Palma alilazimika kueleza vita ambavyo hakupigana. Aina hizi mbili za usimulizi zinadai ufundi tofauti, na moja tu kati yake imeandikwa kwa wingi.

Upo pia utani wa historia hapa. Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikafundisha wapiganaji wake Nachingwea, na Kiswahili kilikuwa lugha ya njiani kwa wengi waliovuka Ruvuma. Hata hivyo chama kilichagua Kireno kuwa lugha ya umoja, kwa hoja ya kwamba hakikuwa cha kabila lolote. Mjumbe wa Palma aliyeweza kuzungumza na mvuvi wa Mtwara na mfanyabiashara wa Zanzibar bila mkalimani alihitaji mkalimani alipofika Maputo.

6.0 Karatasi na mdomo

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mikutano ya ngazi ya chini iliendeshwa kwa lugha za watu. Taarifa zake kwenda juu ziliandikwa kwa Kireno. Kila kilichosemwa kilipita katika chujio hilo. Fumbo lilibaki chini, takwimu ilipanda. Kejeli ilibaki chini, azimio lilipanda. Mtafiti anayefungua majalada hayo leo hukutana na mjumbe aliyekubali kila kitu, na huandika kwamba mabaraza yalikuwa mhuri wa mpira. Inawezekana yalikuwa hivyo. Lakini muhtasari wa mwandishi wa kikao si sauti ya aliyesema, na uhakiki wa matini unajua tofauti hiyo tangu siku zake za mwanzo. Ajabu ni kwamba hauitumii hapa.

Uchaguzi wa pili wa mabaraza ulifanyika mwaka 1986, vita vikiwa vimepamba moto, na ukakatizwa kwa muda na kifo cha Samora Machel mwezi Oktoba. Katiba ya 1990 ilileta vyama vingi, na Oktoba 1994 likachaguliwa Bunge la Jamhuri lenye viti 250. Wengi wamelisifu badiliko hilo, na sifa nyingi ni za haki. Palma, hata hivyo, ilipoteza kitu ambacho waandishi wa mpito wa demokrasia hawakukihesabu. Viti vya Bunge jipya hugawanywa kwa orodha za vyama, na jimbo la uchaguzi ni mkoa mzima. Toka hapo kuna wabunge wa Cabo Delgado. Mbunge wa Palma hayupo. Hakuna mtu anayesimama Palma na kuulizwa na watu wa Palma aliishije. Mtu wa ng'ambo ya mto, kwa kasoro zote za Bunge lake, bado anajua jina la mbunge wa jimbo lake na anaweza kumsubiri kwenye kituo cha basi.

Bunge hilo ndilo lililopitisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997, ambayo inatambua haki ya jamii zinazoishi katika ardhi kwa desturi na kudai zishauriwe kabla ardhi haijatolewa kwa mwingine. Wanasheria wengi wameihesabu miongoni mwa sheria bora za ardhi barani. Desemba 2012, baada ya kugunduliwa gesi katika Bonde la Ruvuma, haki ya kutumia hekta zipatazo 7,000 katika rasi ya Afungi, wilayani Palma, ilitolewa kwa ajili ya mradi wa gesi asilia. Wakazi wa Quitupo na vijiji jirani walihamishiwa Quitunda kuanzia mwaka 2019. Mikutano ya mashauriano iliyofanyika njiani, na mabishano juu ya namna ilivyofanywa, imeandikwa sana na mashirika ya haki na waandishi wa habari. Kwa macho ya makala haya, mikutano hiyo ni ya utanzu uleule wa 1977 uliogeuzwa juu chini. Safari hii mgeni ndiye aliyesimama mbele na wenyeji ndio walioketi. Lakini hakuulizwa aliishije, wala mikono iliyoinuliwa haikuweza kumfuta. Umbo la baraza lilibaki, na uwezo wake ukaondoka.

Tarehe 24 Machi 2021 wapiganaji waliushambulia mji wa Palma, wakiwa tayari wameivuruga pwani tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017. Maelfu walikimbia. Wengine walifika Pemba kwa mashua, wengine walijikusanya Quitunda, wengine walivuka Ruvuma wakarudishwa kupitia Negomano. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies, iliyokuwa ikiitwa Total, ilisimamisha mradi. Miongoni mwa waliokimbia walikuwamo wazee. Mtu aliyechaguliwa mwaka 1977 akiwa na miaka 30 alikuwa na miaka 74 siku ile, na hakubeba jalada lolote. Wasifu wake, ule uliopigiwa kura, umo kichwani mwake na mwa wachache waliomsikia.

Kwa hiyo kazi ya kuyarekodi maisha hayo haiwezi kungoja amani kamili, na namna ya kuyarekodi ina maana sawa na kuyarekodi kwenyewe. Wasifu wa mjumbe ukichukuliwa kwa mahojiano ya faragha, chumbani, mtafiti na msimulizi peke yao, utatoka kama wasifu wa kitabu: uliopangwa, wenye kimya cha hiari. Unapaswa kusimuliwa mbele ya wenzake wa kijiji popote walipo sasa, na waruhusiwe kumkatiza. Kinasa sauti kiachwe kiendelee wakati wa ubishi. Msimulizi atakapohama kutoka Kimakwe kuingia Kiswahili, na kutoka Kiswahili kuingia Kireno anapofikia neno deputado, unukuzi uzihifadhi lugha zote tatu mahali zilipotamkwa, na jina la anayemsahihisha liandikwe pembeni ya sentensi aliyoisahihisha, pale tu atakapokubali litajwe.